Takhmisa ya Sauti: Mizani ya Kupimia Nyimbo Zinazoimbwa Upya

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kupendekeza mizani moja ya kupimia nyimbo zinazoimbwa upya na watu wasiozitunga. Jambo lenyewe si geni kwa wapenzi wa muziki, lakini katika idara zetu za lugha halijapewa nafasi linayostahili. Tunapofundisha ushairi, twajua kumweleza mwanafunzi jinsi beti zinavyofungamana na jinsi vina vinavyopangwa. Tunapofundisha tafsiri, tunazo istilahi za kutenganisha tafsiri ya neno kwa neno na tafsiri huru. Lakini wimbo wa mtu mmoja unapochukuliwa na waimbaji wengine wawili, ukavuliwa tarumbeta na ngoma, ukabakiziwa gitaa kavu na sauti mbili, tunakosa la kusema ila kwamba umezidi utamu au kwamba umeharibiwa. Hukumu hizo mbili ni za masikio. Bado si za uchunguzi.

Swali hili lilinijia darasani Nakuru. Tangu reli ilipofika hapa mwaka 1900, Nakuru pamekuwa mahali pa kukutania lugha: Kikuyu, Kikalenjin na lahaja zake, Kiluhya, Kijaluo, Kikisii, Kigujarati, Kiingereza, na juu ya hizo zote Kiswahili cha sokoni na cha stesheni. Jioni za mwisho wa juma katika mikahawa ya mji huu, uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2021, si ajabu kuwakuta vijana wawili, mmoja akipiga gitaa kavu na wa pili akiongoza sauti, wakiimba nyimbo za zamani kwa namna yao. Wimbo ambao haukosekani ni "Malaika". Siku moja niliwauliza wanafunzi wangu wimbo huo ni wa nani. Wengi walimtaja Miriam Makeba. Baadhi walikitaja kikundi cha Boney M. Wawili tu ndio waliomtaja Fadhili William. Kabla sijapata nafasi ya kusikitika, mwanafunzi mmoja kutoka upande wa Kericho aliinua mkono akasema, "Na 'Chemirocha', Mwalimu, ni wimbo wa nani?"

Sikuwa na jibu la haraka. Makala haya ni jaribio la kumjibu, na katika kumjibu nitaonyesha kwamba maswali hayo mawili ni swali moja lililogeuzwa upande.

2. Maneno tuliyo nayo na upungufu wake

Tuanze na msamiati. Wanamuziki wa bendi za dansi wamezoea kusema kwamba wanapiga kopi, yaani wanapiga wimbo wa bendi nyingine jinsi ulivyo katika santuri. Neno hili linafaa kwa kazi hiyo moja tu. Bendi inayopiga kopi husifiwa kwa kufanana. Kila inapokaribia zaidi mlio wa santuri ndivyo inavyohesabiwa kuwa hodari. Neno la pili ni kuiga, nalo lina lawama ndani yake: mwenye kuiga ana upungufu wa chake mwenyewe. La tatu ni kurudia, na kurudia hakutuambii kama kilichorudiwa kimebaki vile vile au kimebadilika njiani. Maneno haya matatu hayatoshi kueleza kazi ya waimbaji wawili wanaoupunguza mwendo wa wimbo wa twisti, wakauondolea ngoma, na wakaufanya mnong'ono wa mapenzi.

Upungufu wa pili umo katika nyenzo zetu za uhakiki. Tumezoea kuigawa kazi ya fasihi katika fani na maudhui. Mgawanyo huo umetufaa sana, lakini wimbo una sehemu tatu zinazoweza kutenganishwa na kusafiri kila moja peke yake: maneno, mahadhi na ala. Maneno yaweza kubaki na mahadhi yakabadilika. Mahadhi yaweza kubaki na maneno yakatungwa mapya katika lugha nyingine. Maneno na mahadhi vyaweza kubaki vyote, na ala zikabadilika hata msikilizaji akadhani amesikia wimbo mwingine. Liko na jambo la nne, ambalo si sehemu ya wimbo lakini husafiri nao au huachwa nyuma, nalo ni jina la mtunzi. Tutaona kwamba jambo hili la nne ndilo lenye uzito kuliko yote.

3. Takhmisa kama mizani

Si lazima tukaazime istilahi ng'ambo. Ushairi wa Kiswahili unao tangu zamani utaratibu wa heshima wa kuchukua utungo wa mtu na kuufanyia kazi mpya, nao ni takhmisa. Neno lenyewe latokana na tano kwa Kiarabu. Mshairi huchukua utungo uliopo wa vipande viwili viwili, akatunga vipande vitatu vyake mwenyewe vinavyovitangulia vile viwili na kulingana navyo kwa kina, hata ubeti ukatimia vipande vitano. Mfano mashuhuri ni Takhmisa ya Liyongo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate alizichukua beti zinazonasibishwa na Fumo Liyongo akaziongezea zake.

Tuutazame utaratibu huo kwa makini, maana ndani yake mna sheria tatu ambazo hazikuandikwa popote lakini hutimizwa. Sheria ya kwanza: cha asili hubaki kikionekana. Msomaji anaweza kuweka kidole juu ya vipande viwili vya mwisho akasema, hivi ni vya Liyongo. Sheria ya pili: nyongeza ni nyongeza ya kweli. Mshairi wa pili hawi mshairi kwa kunakili. Sharti alete vipande vitatu vinavyosema jambo, vinavyokifafanua cha kwanza, kukipanua au hata kukijibu. Sheria ya tatu: jina la wa kwanza halifutwi na jina la wa pili. Liyongo yumo katika anwani ya kazi yenyewe, na Sayyid Abdalla hakupungukiwa na heshima yoyote kwa hilo. Kinyume chake, uwezo wake wapimwa kwa ukubwa wa yule aliyethubutu kusimama kando yake.

Napendekeza basi tuziulize nyimbo zinazoimbwa upya maswali hayo matatu. Nini kimebakizwa? Nini kimeongezwa? Jina limewekwa wapi? Nitayajaribu maswali haya kwa nyimbo tatu, nikianza na ule uliotushinda darasani.

4. "Malaika": wimbo uliosafiri, jina likabaki nyuma

Fadhili William, aliyezaliwa Taita mwaka 1938, aliurekodi "Malaika" akiwa na kikundi cha Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960, na baadaye akaurekodi tena akiwa katika Equator Sound Band ya Nairobi. Yako madai mengine juu ya utunzi wake. Linalojulikana zaidi ni lile la Adam Salim, aliyesema kwamba aliutunga miaka ya 1940. Si kazi ya makala haya kuliamua shauri hilo. Kwetu yatosha kukumbuka kwamba, hata awe ni nani aliyeutunga, alikuwa mtu wa Afrika Mashariki aliyekuwa akiongea na watu wake juu ya jambo walilolijua: kijana anampenda msichana, lakini hana mali ya kumwolea. Wimbo huu ni wa mapenzi, na papo hapo ni malalamiko juu ya mahari na umaskini.

Mwaka 1965 kampuni ya RCA Victor ya Marekani ilitoa santuri iitwayo An Evening with Belafonte/Makeba. Waimbaji wake walikuwa wawili: Harry Belafonte, mzaliwa wa New York mwenye asili ya visiwa vya Karibi, na Miriam Makeba wa Afrika Kusini, ambaye serikali ya nchi yake ilikwisha kumfungia mlango wa kurudi kwao tangu mwaka 1960. Ijapokuwa santuri hiyo ina majina ya wawili, nyimbo nyingi zilizomo ziliimbwa na mmoja peke yake. Mbili tu ndizo walizoziimba pamoja, na mmojawapo ulikuwa "Malaika". Mwaka 1966 santuri hiyo ilipata tuzo ya Grammy katika kundi la muziki wa kienyeji.

Tuulize swali la kwanza: nini kimebakizwa? Mahadhi yamebaki, na lugha ya Kiswahili imebaki. Hili si jambo dogo, maana waimbaji wote wawili hawakuwa Waswahili, na soko walilolilenga halikujua hata neno moja la lugha hiyo. Hapa mwanaisimu ana la kuongeza. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi zake aghalabu huishia kwa irabu. Lugha ya mama ya Makeba ilikuwa Kixhosa, nayo pia ni lugha ya Kibantu yenye silabi wazi, na hurefusha irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo ulimi wake ulikwisha kufunzwa kuweka uzito mahali ambapo Kiswahili huuweka. Yamkini hii ni sababu mojawapo iliyowafanya wasikilizaji wetu wampokee kama mtu wa nyumbani, hali mwimbaji aliyelelewa katika Kiingereza angeelekea kuziunganisha irabu mbili za neno malaika kuwa silabi moja na kuuhamisha mkazo mahali pake. Hii ni nadharia tete, lakini yaweza kupimwa kwa masikio na kwa chombo.

Anwani, hata hivyo, haikubaki ilivyo. Katika santuri ile wimbo uliandikwa "My Angel", na neno la Kiswahili likawekwa kando yake. Mabadiliko mawili yametokea hapo. Kwanza, pameingia kimilikishi ambacho hakimo katika anwani ya Kiswahili. Anayeitwa amekuwa anayemilikiwa. Pili, neno limepungua upana. Katika Kiswahili malaika ni kiumbe wa mbinguni, lakini pia ni mtoto mchanga, na pia ni vile vinyweleo laini vya mwilini. Msikilizaji wa Pwani husikia utakatifu na ulaini kwa pamoja. Msikilizaji wa Kiingereza husikia mbawa tu.

Swali la pili: nini kimeongezwa? Wahakiki wengi hujibu kwamba hakuna, ila uzuri wa sauti. Mimi nasema kimeongezwa kitu kikubwa, nacho hakimo ndani ya wimbo wenyewe. Kimo katika majirani zake. Santuri ile ilijaa nyimbo za mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi, ukiwamo "Ndodemnyama", unaonasibishwa na Vuyisile Mini, mwana wa vyama vya wafanyakazi aliyenyongwa Pretoria mwezi wa Novemba 1964. Uweke wimbo wa kijana asiye na mali kati ya nyimbo za watu walionyang'anywa ardhi, na ufukara wake utaacha kuwa bahati mbaya ya mtu mmoja. Utasikika kama ufukara wa watu waliofukarishwa. Belafonte na Makeba hawakubadilisha neno lolote ili kuipata maana hiyo. Waliupa wimbo jirani mpya. Hivi ndivyo vipande vitatu walivyovitanguliza mbele ya viwili vya Fadhili William, na kwa kipimo cha sheria ya pili walistahili kuitwa watunzi wa takhmisa.

Lakini swali la tatu linawashinda, au tuseme linaishinda njia ambayo wimbo uliipitia baada yao. Kutoka kwao "Malaika" uliendelea kuimbwa, hata Boney M. wakautoa mwaka 1981 kwa mdundo wa disko, na kila santuri mpya ikawa inarejea ile iliyoitangulia badala ya kurejea Nairobi. Jina la mwimbaji wa kwanza lilipungua kila hatua, kama maji yanayobebwa kwa mikono. Fadhili William alifariki mwaka 2001. Wanafunzi wangu waliozaliwa baada ya hapo wanaujua wimbo wake na hawamjui yeye. Wimbo ulisafiri; jina likabaki nyuma.

5. "Chemirocha": jina lililosafiri, wimbo ukabaki nyuma

Sasa tumrudie mwanafunzi wa Kericho. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika ambaye miaka minne baadaye aliianzisha maktaba ya muziki ambayo sasa imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis na kurekodi nyimbo kadhaa. Tatu kati ya hizo zilikuwa na jina moja: "Chemirocha". Ile ya tatu, iliyoimbwa na wasichana kwa ala ya nyuzi iitwayo chepkong, ambayo ni ya ukoo mmoja na nyatiti ya Wajaluo, ndiyo iliyokuja kujulikana duniani.

Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani wa Mississippi, mfanyakazi wa reli aliyegeuka mwanamuziki, aliyerekodi kati ya mwaka 1927 na 1933, mwaka aliofariki kwa kifua kikuu. Hakuwahi kukanyaga Afrika. Sauti yake ilifika Bonde la Ufa katika gramafoni za wageni: gitaa kavu, na ule mlio wake wa kuipandisha na kuishusha sauti ghafla kooni. Kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, wasichana wale walimwimba Chemirocha kama kiumbe nusu mtu nusu paa, wakimkaribisha acheze ngoma kwa nguvu.

Maelezo hayo yamechekwa sana na wasomaji wa Ulaya na Marekani, kana kwamba wasichana wa Kapkatet walidhani kuna kisanduku chenye jini. Mwanaisimu hapaswi kucheka kabla hajalichambua jina. Kikipsigis hakitenganishi maana kwa kughuna na kutoghuna kwa vipasuo, na sauti ya mwanzo ya Jimmie kwa kawaida hutuama kwenye ch. Sauti ya katikati ya Rodgers hutuama hapo hapo. Basi jina linakuwa Chemirocha bila ya ugumu wowote. Lakini katika kutuama hivyo limeangukia mahali penye wenyewe. Mwanzo wa Che- au Chep- ni mwanzo wa majina mengi ya Kikalenjin, hasa ya wanawake, na pia ni mwanzo wa jina la Chemosit, zimwi la hadithi za Wanandi na Wakipsigis. A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wanandi cha mwaka 1909, alilieleza zimwi hilo kuwa nusu mtu nusu ndege.

Nadharia yangu ni kwamba jina geni lilipoingia katika Kikipsigis lilipokelewa na kiti kilichokuwa tayari. Palikuwapo jina linaloanza kwa sauti hizo, la kiumbe nusu mtu, asiyeonekana mchana, mwenye kuita kutoka mbali. Sauti isiyo na mwili, itokayo katika bomba la gramafoni na kurukaruka kati ya koo la mtu na mlio wa mnyama, haikuhitaji kubuniwa umbo. Umbo lilikuwapo, likabadilishwa nusu yake. Wasichana hawakukosea. Walitafsiri. Walichukua kitu kisichoelezeka katika lugha yao wakakitafutia mahali pake, jambo ambalo kila mfasiri mzuri hufanya.

Tuyaulize maswali yetu matatu. Nini kimebakizwa? Katika toleo la wasichana hakuna neno hata moja la Rodgers, na gitaa limeipisha chepkong. Nini kimeongezwa? Karibu kila kitu: lugha, ala, ngoma, mzaha wa wasichana. Jina limewekwa wapi? Limewekwa juu kabisa, katika anwani na katika kiitikio, kama vile Liyongo alivyo katika anwani ya takhmisa yake. Hapa basi pana kioo cha "Malaika". Huko wimbo ulibaki na jina likapotea. Huku wimbo ulipotea na jina likabaki. Wasichana wa Kapkatet, ambao hawakusoma sheria yoyote ya hakimiliki, waliitimiza sheria ya tatu kuliko makampuni ya santuri.

Na bado mkasa haukuishia hapo. Rekodi ile ilikwenda Afrika Kusini, ikatolewa katika santuri za mkusanyiko, ikapendwa na wageni. Kapkatet kwenyewe haikusikika. Ni katikati ya miaka ya 2010 ndipo maktaba aliyoianzisha Tracey, ikisaidiwa na mradi wa Singing Wells unaoishirikisha Ketebul Music ya Nairobi, ilipozirudisha nakala kwa Wakipsigis na kuwasikilizisha wazee, wakiwamo baadhi ya walioimba mwaka 1950 wakiwa vijana. Miaka zaidi ya 60 wimbo ulikuwa umeimbwa kwao na kusikilizwa kwingine.

6. "Helule Helule": kiitikio peke yake

Mfano wa tatu ni mfupi, lakini unatuonyesha mpaka wa mizani yetu. Daudi Kabaka, mwenzake Fadhili William katika Equator Sound Band na mwimbaji mkubwa wa twisti ya Kenya, alikuwa na wimbo uitwao "Helule Helule". Mwaka 1968 kikundi cha Kiingereza cha The Tremeloes kiliuimba upya kwa maneno ya Kiingereza, kikabakiza kiitikio, na wimbo ukafika nafasi ya 14 katika orodha ya santuri zilizouzwa sana Uingereza.

Hapa kilichobakizwa ni mlio. Kiitikio kilipendeza kwa sababu masikioni mwa Waingereza hakikuwa na maana. Kilikuwa mchezo wa silabi. Katika "Malaika" ya Belafonte na Makeba lugha iliheshimiwa hata pale isipoeleweka. Katika "Helule" ya The Tremeloes lugha ilitumiwa kama ala, yaani kama kayamba. Je, hiyo ni takhmisa? Nasita kusema ndiyo. Cha asili kinaonekana, lakini kinaonekana kama pambo, na nyongeza haikijibu wala kuipanua maana yake, maana iliyokwisha kuwekwa kando. Kwa kazi ya namna hii napendekeza tubakize neno kugeuza, na neno takhmisa tuliweke kwa kazi ambayo wa pili amemsikiliza wa kwanza.

7. Pingamizi mbili

Yawezekana kutolewa pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba takhmisa ni ya ushairi ulioandikwa, na nyimbo hizi ni za fasihi simulizi, ambayo kwa desturi haina mwenyewe. Jibu langu ni kwamba hoja ya kutokuwa na mwenyewe imetumiwa mara nyingi mno dhidi ya wenye mali. Fasihi simulizi ina wenyewe. Tofauti ni kwamba mwenyewe aweza kuwa jamii badala ya mtu mmoja. Sheria za Kenya zenyewe zimekwisha kulitambua jambo hili. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humlinda mtunzi kwa maisha yake na miaka 50 baada ya kifo chake, na sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii humtambua mwenye mali aliye jamii nzima. Wanasheria wamefika pale ambapo sisi wa lugha tungepaswa kuwa tumewatangulia.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, nayo ililetwa na yule yule mwanafunzi. Alisema: ikiwa tunawalaumu wageni kwa kumsahau Fadhili William, mbona hatuwalaumu nyanya zetu kwa kumfanya Jimmie Rodgers kuwa paa? Nilijibu siku ile kwa haraka kwamba wasichana wa Kapkatet hawakuuza kitu. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Baada ya kulifikiri zaidi naona kwamba tofauti imo katika nani aliyekuwa na uwezo wa kuuliza. Wale walioutoa "Malaika" Ulaya na Marekani wangeweza kuandika barua Nairobi, na posta ilikuwapo. Wasichana wa Kapkatet hawakuwa na mahali pa kuuliza Chemirocha ni nani, na juu ya hayo alikwisha kufa miaka 17 kabla ya kurekodiwa kwao. Kutojua kwa asiyeweza kuuliza ni ubunifu. Kutojua kwa awezaye kuuliza, asiulize, ni uzembe. Na sisi tulio vyuoni, wenye maktaba na simu mikononi, tumo katika kundi la pili.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba kuimba upya si jambo moja. Kuna kopi, ambayo hurudia. Kuna kugeuza, ambako hutwaa pambo na kuacha maana. Na kuna takhmisa ya sauti, ambayo hubakiza, huongeza, na humtaja mwenyewe. Istilahi hii ina faida ya kutoka katika ushairi wetu wenyewe, na ina faida ya pili kwamba ndani yake mna maadili pamoja na umbo.

Kwa upande wa kazi ya idara, napendekeza mambo mawili. Kwanza, nyimbo zinazoimbwa upya ziingizwe katika mafunzo ya tafsiri, si katika fasihi simulizi peke yake, maana matatizo ya mkazo, ya silabi, ya upana wa maana na ya majina ya kigeni yaliyoonekana hapa ni matatizo ya mfasiri. Pili, wanafunzi wa Bonde la Ufa ya kati wapewe kazi ya kuandika historia ya wimbo mmoja mmoja kabla ya kuuhakiki: nani aliuimba kwanza, wapi, kwa ala gani, na ulipita mikononi mwa nani. Wazee waliosikia santuri za Kikalenjin zilizotolewa na Chandarana pale Kericho bado wapo. Miaka kumi ijayo hatutaweza kusema hivyo kwa hakika.

Baada ya darasa lile nilirudi katika mkahawa mmoja wa Nakuru nikawakuta vijana wawili na gitaa lao. Waliimba "Malaika" polepole, bila ngoma, na sauti ya pili ilikuwa na huzuni ambayo sikuwahi kuisikia katika santuri yoyote. Hiyo ilikuwa nyongeza ya kweli. Walipomaliza nilimwendea mwenye gitaa, nikamwomba jambo moja tu: kesho yake, kabla ya kuuanza, autaje ni wa nani. Alinitazama kidogo, akauliza, "Ni wa nani, mwalimu?"

Nilimwambia. Akalirudia jina mara mbili, kama mtu anayelijaribu mdomoni, akaliandika nyuma ya karatasi ya nyimbo zake.